Unasaidia mtaa mzima kwa jasho la mkeo

Asalaam aleykum Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 34, mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina mke na watoto wawili. Mwenyezi Mungu amenijaalia moyo wa kusaidia watu. Mtaani kwetu pakitokea msiba mimi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ni mweka hazina wa kikundi chetu cha vijana, na hakuna harusi ambayo simo kwenye kamati. Tatizo ni mke wangu. Anakaanga samaki na kuuza, kipato anacho, lakini hana moyo wa kutoa. Mwezi uliopita nilichukua shilingi 180,000 kwenye kibubu chake nikawanunulia vijana wa timu yetu jezi, amenuna mpaka leo, anasema ilikuwa hela ya friza. Tangu bajaji niliyokuwa naendesha irudishwe kwa mwenyewe, heshima ndani imekwisha kabisa. Hajipendi tena, mikono imejaa madoa ya mafuta, nikimsema ananyamaza. Hata mama yangu mzazi amekuwa upande wake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimfanye nini aelewe?

Mpenda Watu, Makorora

Waaleykum salaam, na marahaba mwanangu. Pole kwa kuishi na mke aliyenuna, si jambo jepesi. Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia namwona mkeo akihangaika na mama yako akisikitika. Wewe nakuona kwenye misiba na kamati za harusi tu. Hukuandika popote nyumba hiyo inakula kwa kazi gani ya mikono yako.

Nianze na hela ya friza, maana naona hujui ulichokibomoa. Mwanamke anayekaanga samaki Tanga hii anaamka wenzake wamelala. Anawahi Deep Sea, kwenye soko la samaki, vyombo vikiingia, anasimama mnadani na ndoo yake katikati ya watu wenye mitaji mikubwa, anagombea fungu lake la vibua au tasi. Akichelewa ananunua kwa mchuuzi, na faida yote inaishia kwa mchuuzi. Akirudi ni kupaa magamba, kupasua, kutia chumvi na ndimu, kuwasha moto. Mafuta yanachemka kwenye karai, jua limeshapanda, na yeye chai hajaionja. Halafu kuna misimu. Kaskazi ikivuma bahari inatulia, samaki wanakuwa wengi na bei inashuka. Ikiingia kusi bahari inachafuka, ngalawa zinabaki pwani, na hao wachache wanaopatikana bei yao haishikiki. Dagaa nao wanavuliwa kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wao wanapumzika. Mwenye friza ananunua samaki wakiwa rahisi, anaweka, anauza wakiadimika. Asiye nayo, wakimbakia jioni anawatoa kwa hasara au anagawia majirani. Mkeo hesabu hiyo alishaipiga zamani. Kile kibubu ndicho kilikuwa mpango pekee wa maendeleo uliomo nyumbani mwenu, na wewe umeuvunja kwa ajili ya jezi, bila hata kumuuliza.

Unasema hajipendi kwa sababu mikono ina madoa. Mwanangu, yale ni majeraha ya kuungua. Tone la mafuta ya moto likimrukia mtu, ngozi inababuka, kidonda kikipona linabaki baka jeusi, na kesho anarudi kwenye karai lilelile. Wewe unalala naye, unayaona mabaka hayo, na kilichokujia ni kumlaumu. Angekuwa mama wa jirani ameungua vile, wewe ungekuwa wa kwanza kuita bajaji akimbizwe hospitali ya Bombo. Kwa mkeo hata dawa ya kupaka hukununua, maana ungeinunua ungeniandikia.

Bajaji nayo umeipita harakaharaka. Chombo cha mtu hakirudi kwa mwenyewe hivihivi. Nimekaa mjini hapa siku nyingi, mambo ya mkataba nayajua: mwenye bajaji anataka hesabu yake, iwe ya siku au ya wiki, na dereva akikosa na kukosa tena bila maelezo, ufunguo unachukuliwa. Mtu anayefika msibani wa kwanza na kuondoka wa mwisho, hesabu anaitafuta saa ngapi? Kama ulikuwa mkataba wa kumiliki, ungevumilia mpaka umalizike, chombo kingekuwa chako leo. Na kuna swali jingine, hili lijibu mbele ya Mola wako hata kama mimi hutanijibu: daftari la kikundi liko sawa? Mweka hazina asiye na kazi, anayeingiza mkono kwenye kibubu cha mkewe bila ruhusa, lazima aulizwe.

Kisha mama yako. Mama mkwe kumtetea mke wa mwanawe mbele ya mwanawe wa kumzaa ni jambo zito. Ukiliona, jua ameona mengi na kuyameza mengi kabla hajafungua mdomo. Ningekosa ushahidi mwingine wote, huo ungenitosha. Mkeo hana kosa. Mwenye kosa ni wewe.

Umenitajia wahenga. Neno lao nalikubali, lakini walimsema mtu atoaye chake, hata kikiwa kidogo. Na kwa kuwa umenisalimia kwa salamu ya dini, nikujibu kwa dini. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba mbora wenu ni yule aliye mbora kwa ahali zake. Hakuanza na kamati. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 32, tumeambiwa wanaume wana sehemu katika walichokichuma, na wanawake wana sehemu katika walichokichuma. Alichochuma mkeo ni chake. Akikulisha nacho amekufanyia hisani, na hisani hiyo inadai ahsante. Serikali nayo ilishasema: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Uwezo ukiwa mdogo hakuna atakayekuhukumu. Kukaa kitako ukachota wa mwenzio ni jambo jingine.

Wala hili si la Makorora peke yake. Ndoa za siku hizi zimejaa wanaume wa nje. Nje ana tabasamu, ana ahadi, jina lake linasomwa kwenye kila orodha ya michango. Akiletewa kadi ya singo anataka ya dabo ili asionekane mnyonge, na mtoto wake anakwenda shule na kiatu kilichoachama. Ada shule za msingi za serikali ziliondolewa zamani, kweli, lakini sare na daftari bado ni za mzazi, na mara nyingi mzazi huyo anakuwa mama. Nyumba njema si mlango. Wanawake nao wapo wenye maradhi hayohayo, anayekopa kausha damu ili ashone sare ya harusi ya rafiki, halafu anajificha mkopeshaji akipita. Wote nawaambia jambo moja: sifa za watu hazipiki. Kaya nyingi zinavunjika si kwa sababu ya umaskini, zinavunjika kwa sababu mmoja anabeba na mwenzake anashangiliwa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu moyo wako wa kusaidia sitaki ufe. Mtaa usio na mtu wa kuamka usiku akachimba kaburi, akapanga viti, akafunga turubai, ni mtaa wa mashaka. Kipaji hicho unacho. Ila msaada wako kwa sasa uwe wa mwili, hela acha mpaka uwe nayo. Nenda msibani, chimba, zika, toa mkono wa pole, kisha rudi kazini. Hakuna mfiwa atakayekusengenya kwa kwenda kutafuta riziki ya wanao.

Kesho asubuhi usianze na hotuba kwa mkeo. Nenda kijiweni ukaombe deiwaka. Dereva mwenye bajaji huwa anachoka, anaumwa, anasafiri, na anahitaji mtu mwaminifu wa kumshikia. Ukipata, hesabu ya mwenye chombo kwanza, ya nyumbani ya pili, ya kibubu ya tatu. Ile 180,000 uirudishe hata kwa elfu mbili mbili, uitumbukize mwenyewe akiwa anaona. Yule bwana aliyekunyang'anya bajaji mfuate pamoja na mzee anayeheshimika mtaani, ukiri ulipokosea, uulize masharti ya kuanza upya. Akikataa, umejaribu, endelea na deiwaka.

Daftari la kikundi lifunguliwe mbele ya wanachama wote, kila senti isomwe. Likiwa na upungufu, kiri na panga namna ya kulipa. Likiwa safi, muombe mwenzako apokee uweka hazina kwa sasa. Kikundi chenyewe kisiishie kwenye jezi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa, chenye kazi inayoeleweka na kumbukumbu zilizonyooka, kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vijana wale wa timu wanahitaji bajaji ya kikundi kuliko wanavyohitaji jezi. Lakini mkopo huo ni deni, unarudishwa ili wengine nao wapate, kwa hiyo msiuguse kabla hamjajua nani ataendesha na hesabu italetwa lini.

Na misaada ya dharura jifunzeni kwa wanawake wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, wala usione aibu kumuuliza mkeo kama yumo. Wanapokutana, kila mmoja ananunua hisa zake, na pembeni anatia kiasi kidogo kwenye mfuko wa jamii. Mwenzao akifiwa au akiuguliwa, mfuko ndio unaotoa, na hakuna anayevunja kibubu cha mwenzie. Huko ndiko kusaidiana kunakodumu.

Mkeo umuombe radhi kwa maneno, si kwa zawadi ya kununua kwa mkopo. Mwambie ulimwibia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Akinyamaza mwache anyamaze, ana haki. Alfajiri inayofuata amka naye, mshikie ndoo mpaka Deep Sea, simama pembeni umtazame akinunua. Akirudi mpaie samaki wakati anawasha moto. Ukipita duka la dawa muulize muuzaji dawa ya kuungua, umletee.

Barua nyingine kutoka kwako nitaipokea friza ikishaingia ndani. Kabla ya hapo, malalamiko juu ya tabia ya mkeo usiniletee. Mama yako mpe salamu zangu, mwambie Shangazi anamwunga mkono.