Kwa wanagenzi wa tanga: kutunza henza, foromali na mlingoti

Kijana anayeanza kazi katika ngalawa au mashua, iwe Nungwi, Mkokotoni au Wesha, hufundishwa mapema namna ya kutweka tanga, lakini utunzaji wa vile vinavyolibeba tanga hilo mara nyingi huachiwa ajifunze mwenyewe.

Anzeni na henza, yaani kamba ya kutwekea tanga. Vyombo vyetu vingi vidogo havina kamba za kudumu za kuushikilia mlingoti, hivyo henza iliyofungwa nyuma upande wa goshini, unakotoka upepo, ndiyo inayoutegemeza. Ikikatika, tanga huanguka na mlingoti nao hubaki bila msaada, pengine katikati ya mkondo wa Pemba. Nayo hukatika pale pasipoonekana: kipande kinachokaa juu ya roda, yaani kigurudumu cha kupitishia kamba kileleni mwa mlingoti, husuguliwa kila chombo kinapoyumba, ilhali ukitazama kutoka chini utaiona kamba nzima. Basi shusheni foromali (mti unaofungiwa tanga), vuteni henza yote, kisha fungueni pindi zake kwa vidole. Mkikuta unga na nyuzi fupi zilizokatika ndani, kamba hiyo imekwisha, hata kama nje bado inang'aa.

Msingoje ifike hapo. Ikiwa bado nzima, kateni shubiri mbili upande wa foromali ili panaposuguliwa pahame, au igeuzeni ncha kwa ncha. Msiiunge kwa fundo, kwa sababu fundo hupunguza nguvu ya kamba na hukwama kwenye roda. Fumeni nyuzi za ncha moja ndani ya nyingine, na kwa kamba ya nailoni kila uzi upitishwe angalau mara 5, kwa kuwa nailoni huteleza. Hata hivyo, kwa henza mimi napendelea kamba mpya kuliko kiungo chochote.

Foromali iliyoungwa kwa miti miwili ikaguliwe vifungo vyake. Kifungo kinachocheza kifunguliwe na kufungwa upya, si kuongezewa kamba juu.

Mwisho ni kitako cha mlingoti, ambacho wengi hukisahau. Maji ya mvua huozesha mti kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo wakati wa masika, kabla kusi haijashika nguvu, ng'oeni mlingoti, kausheni tundu lake, kisha chomeni kitako kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila kusukumwa, mwiteni fundi kabla ya kutweka tena.