Maswali ya Wasomaji: Kuunganisha vipande vya mashamba ya urithi

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Sisi ni ndugu wanne, wenyeji wa Rombo mkoani Kilimanjaro. Marehemu baba alituachia kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, huku juu, na kule tambarare vipande vitatu vya mahindi vilivyotawanyika, kimoja mwendo wa karibu saa nzima kutoka kingine. Majirani zetu wako hivyo hivyo. Mdogo wetu aliyesoma anashauri tubadilishane na majirani ili kila familia ipate shamba moja kubwa, trekta liingie, kisha tukate hati. Wazee wa ukoo wanasita. Je, sheria inaruhusu, na je, ni busara? (Msomaji, Rombo)

JIBU: Ndugu msomaji, sheria inaruhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaihesabu haki ya kimila ya kumiliki ardhi kuwa na hadhi sawa na ile inayotolewa na serikali kuu, na kwa mwanakijiji haki hiyo inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka. Anaweza kuihamisha kwa mwenzake, lakini ni lazima Halmashauri ya Kijiji iarifiwe na itoe kibali. Msidhani kwamba kwa kuwa hakuna shilingi iliyopita mkononi, basi hakuna kilichohamishwa. Kubadilishana ni kuhamisha, na mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba uhamishaji wa ardhi ya kijiji bila idhini ya Halmashauri ni batili, hata kama mashahidi walikuwa kumi na karatasi ilitiwa saini.

Kuhusu busara, naomba muwasikilize wazee kabla ya kuwaona kuwa wanarudisha watu nyuma. Aliyelima vipande vitatu mahali patatu hakufanya hivyo kwa kutojua hesabu. Mvua ya tambarare haina uhakika, na inaweza kunyesha upande mmoja ikaruka mwingine. Mwaka ambao kipande cha chini kimekauka, cha karibu na mlima ndicho kinacholisha watoto. Mkiunganisha, mnapunguza mwendo na gharama ya trekta, lakini mnaweka mbegu zote chini ya wingu moja. Pimeni jambo hilo kwa mavuno ya miaka mliyoishuhudia wenyewe, na mbadilishane vipande vinavyopata mvua na udongo unaolingana, si vinavyolingana kwa hatua tu.

Kihamba msikiguse. Pale pana makaburi, kahawa, migomba na zamu ya maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), ambayo haimfuati mtu akihamia upande wa pili wa korongo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni neno la mwisho la mdogo wenu: kuunganisha kwanza, kisha kukata hati. Jirani zetu wa Kenya walipitia njia hiyo, nao waliumia. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliunganisha mashamba ya Wagikuyu wa mkoa wa Kati na kuyaandikisha kwa majina ya wamiliki binafsi, kwa haraka kubwa, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa kupambana na Mau Mau, ambapo wanaume wengi walikuwa kizuizini na hawakuwapo kuonyesha mipaka yao. Waliolima kwa ruhusa ya ukoo mwingine, walioitwa ahoi, walijikuta hawana pa kusimama, na wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima, majina yao hayakuingia kitabuni ila kwa nadra. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki ya kimila isiyoandikwa kwenye daftari haiwezi kumshinda mwenye hati. Ardhi ilikuwa imeunganishwa, lakini haki nyingi zilizokuwa juu yake zilifutika kimyakimya.

Kwa hiyo nashauri mgeuze mpangilio. Kabla ya kipande chochote kubadilishwa, kila haki iliyo juu yake itajwe hadharani na iandikwe: mama mjane anayelima pembeni, ndugu aliyeko Dar es Salaam ambaye hajagawiwa, jirani ambaye ng'ombe wake hula mabua baada ya mavuno, na njia ya watoto kwenda shule. Tembeeni mpaka wote kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote. Niliwahi kushuhudia mzozo wa mpaka ambapo vijana walikuja na simu ya kupimia, wakapata mstari ulionyooka kabisa. Mzee mmoja hakubishana nao. Aliinama, akachimba kwa panga mahali palipoonekana patupu, akatutolea shina lililooza la sale, mmea unaopandwa kuwa alama ya mpaka, likiwa hatua tano ndani ya shamba la jirani. Mstari wa simu ulichorwa upya alasiri ile ile. Vipimo vya kisasa ni vizuri na nimeona faida yake, ila vinapima tu pale mtu aliposimama.

Mkikubaliana, pelekeni maombi Halmashauri ya Kijiji, kila mmoja apate hati yake ya hakimiliki ya kimila, na hakikisheni nakala inabaki katika masjala ya ardhi ya kijiji. Ipo pia njia isiyohamisha umiliki kabisa. Rwanda, tangu mwaka 2008, wakulima wa vipande vinavyopakana huhimizwa kupanda zao moja kwa msimu, huku kila mtu akibaki na kipande chake. Kule wamelalamika kwamba zao huchaguliwa na wakubwa. Ninyi mnaweza kuchagua wenyewe, mkakodi trekta moja kwa msimu mmoja, kisha mkatazama matokeo kabla ya kuhamisha hata hatua moja ya ardhi.

SWALI: Mume wangu anataka kubadilishana na binamu yake shamba ambalo nimelima miaka kumi na minne. Nilipouliza jina langu litakuwa wapi, nikajibiwa kwamba ardhi ya ukoo haiandikwi mwanamke. Nifanye nini? (Mama wa watoto watatu, Same)

JIBU: Mama, jibu ulilopewa halina nguvu ya sheria. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na hata kabla ya hapo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanamume. Isitoshe, Sheria ya Ardhi inatambua kwamba jasho la mwenza katika shamba linampa haki ndani yake.

Hati inaweza kuandikwa majina mawili. Mwombe mume wako mkae na mtu mzima mnayemheshimu nyote, mzungumze kabla maombi hayajafika kijijini. Akikataa, nenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo katika wajumbe wake saba watatu ni lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Mpelekee pia mtendaji wa kijiji pingamizi lako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa siku ulipoiwasilisha. Usingoje kikao cha Halmashauri kipite, kwa sababu kuzuia kibali ambacho hakijatolewa ni rahisi kuliko kukitengua.