Kabla ya kulipia kaske, apimwe masikio

Mama mmoja wa Goma ameniandikia. Ameombwa dola mia nne ili mwanawe asikilizishwe muziki wa Mozart kwenye kaske, yaani vile vipokea sauti vya kuvaa masikioni, eti atatulia darasani. Alipe?

Mama, nakuelewa. Kijana wangu wa pili, hapa Kadutu, Bukavu, mwalimu alimwita kiziwi mbele ya darasa zima, na wenzake wakalishika jina. Mpaka leo linaniuma. Sasa kwenye proklamasio ya juzi, matokeo ya shule yaliposomwa, huyo kiziwi ametoka na asilimia 71, basi mniache nijisifu kidogo.

Tiba hiyo ilianzia Ufaransa. Daktari wa masikio Alfred Tomatis alishikilia kwamba mdomo hautoi sauti ambayo sikio halisikii, akawa anachuja muziki na kubakiza sauti nyembamba, nyingine akizipitisha kwenye mfupa wa kichwa. Mfaransa mwingine, Guy Bérard, akaja na yake: nusu saa mara mbili kwa siku, kwa siku 10. Inavutia, sikatai. Lakini tangu 1998 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema ushahidi wa hiyo ya Bérard kwa watoto wenye usonji (autisme) hautoshi. Wanaouza hawakuambii hilo.

Wangu alipimwa. Daktari alisimama nyuma yake akanong'ona "paka", mtoto akajibu "taka". Kumbe kulikuwa na maji nyuma ya kiwambo cha sikio. Maji hayo huja na kuondoka, ndiyo maana leo anakusikia, kesho unamwona mkaidi. Na sisi wazazi hapo ndipo tunapochukua fimbo! Tuache, jamani. Mtoto anachapwa kwa kosa la sikio.

Alipopona bado alikuwa nyuma kwa kusoma. Jioni umeme ukikatika tulicheza: toa "ka" kwenye kalamu, inabaki nini? Kisha Kifaransa, "rue" (barabara) na "roue" (gurudumu), ambazo kwake zilikuwa neno moja. Baba yake alicheka, baadaye naye akashindwa kuzitofautisha.

Ukiamua kulipa, haya, ila apimwe kwanza, na sauti iwe chini: Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asipite desibeli 75 (kipimo cha nguvu ya sauti) kwa saa 40 za wiki. Na umwombe mwalimu amkalishe dawati la mbele. Wa kwetu alikataa. Nilirudi shuleni kila asubuhi hadi akachoka na mimi.