Marejesho ya Albion Online: piga hesabu kwa bonasi, achana na asilimia

Msomaji anayecheza Albion Online, mchezo wa mtandaoni, ameniuliza: ana madini 900 ya T5 (daraja la tano) na pau 300 za chuma za T4, akizipeleka Thetford, mji wa kifalme wenye bonasi ya kusafisha madini, atatoka na pau ngapi za T5? Yeye amekadiria 410. Amechukua marejesho, yaani malighafi unayorudishiwa kila unaposafisha, ya asilimia 36.7 akayajumlisha juu ya 300. Wengi hufanya hivyo, na wote hupunjika.

Kinachorudi hakilali ghalani, kinaingia tena karakanani na chenyewe kinarudisha. Pau moja ya T5 inakula madini 3 na pau 1 ya T4. Mkupuo wa kwanza unatoa 300 na kurudisha madini kama 330 na pau 110. Hizo zinatoa 110 nyingine, kisha 40, kisha 15, mpaka yabaki makombo. Jumla ni 474 hivi.

Wala huhitaji kufuata mikupuo yote. Tazama bonasi ya uzalishaji: mji wa kifalme una 18, na mji unaosafisha malighafi yako unaongeza 40. Jumla 58, basi zidisha 300 kwa 1.58, unapata zile 474. Ukitumia fokasi (pointi za mchezaji zinazoongeza marejesho) ongeza 59, inakuwa 2.17, na zile 300 zinafika 651. Bonasi hujumlishwa, asilimia za marejesho hazijumlishwi kamwe.

Ukinunua, geuza: gawanya. Unataka pau 474? Nunua malighafi ya 300. Na kama hata zile 300 za T4 utazisafisha mwenyewe papo hapo bila fokasi, gawanya tena kwa 1.58: unahitaji malighafi ya 190 tu, yaani madini 380 ya T4 na pau 190 za T3. Hapa ndipo faida ilipo, na ndipo watu wanapofunga mtaji bure kwa kununua kila daraja kikamilifu.

Silaha za atifakti, yaani zinazoundwa kwa kipande maalumu juu ya malighafi ya kawaida, zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu atifakti hairudi. Ukiwa nazo 50, utatoa silaha 50, basi. Silaha ya mikono miwili inayokula pau 20 na mbao 12, katika mji wenye bonasi yake ya kuunda (18 na 15, yaani 1.33), inahitaji pau 752 na mbao 452 kwa zote 50, si 1,000 na 600. Ongeza kidogo juu yake, maana kundi dogo huyumba na makombo ya mwisho hayatoshi silaha nzima.

Ada ya karakana na fokasi hukatwa kwa kila kinachotoka, pamoja na kilichotokana na marejesho. Kwa hiyo weka fedha ya pau 651, si 300, na hakikisha fokasi inafika mwisho. Ikikata katikati, kila kinachobaki kinashuka kwenye 1.58.