Kikohozi cha wiki tatu, kumbe karanga

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Jioni tuko sebuleni, shangazi yake kaleta karanga za kukaanga, mtoto kachota zake anakimbia huku anatafuna, mara akapaliwa. Alikohoa sanaaa mpaka macho mekundu, tukampiga mgongoni, bibi yake akampuliza utosini, baadae akatulia akaendelea kucheza. Tukajua yameisha.

Siku ya nne kikohozi na homa. Zahanati wakasema nimonia, tukapewa dozi, ikapoa ikarudi, dozi nyingine, mara tukaambiwa ni pumu. Eksirei ikapigwa, "iko safi mama". Nimekuja kujua baadae kwamba karanga haionekani kwenye eksirei kama inavyoonekana sarafu, kwahiyo picha safi haimaanishi hamna kitu mule.

Daktari wa tatu, dada mmoja mpole, akasikiliza kifua kushoto, akaja kulia, akarudi tena kushoto. Kulia hewa inaingia kidogo na kuna kamlio kama kafilimbi, kushoto hamna. Akaniuliza, "Mama, huyu alishawahi kupaliwa?" Niliganda. Wiki tatu hakuna aliyeniuliza na mimi sijasema, nilishasahau! Akanieleza bomba la hewa likishuka linagawanyika, na tawi la kulia ni pana na limenyooka zaidi, ndo maana vitu vinapenda kudondokea huko, vikishakaa mtoto anaweza kutulia siku kadhaa kama hana kitu.

Tukapewa rufaa, akapigwa nusu kaputi, wakapitisha bomba lenye kamera mdomoni wakakitoa. Nusu karanga tu, imevimba, laini kama harage la kuchemsha. Niliionyeshwa kwenye kichupa nikalia.

Kwahiyo mzazi, mtoto akishapaliwa halafu kikohozi kikafuata, hata mwezi ukipita, mwambie daktari hata kama hajauliza. Na siku yenyewe akiwa anakohoa kwa nguvu mwache akohoe, usiingize kidole kutafuta usichokiona, unakisukuma ndani. Akishindwa kukohoa wala kulia, chini ya mwaka mlaze kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, mpige katikati ya mabega mara 5, mgeuze umbonyeze kifua mara 5, rudia, na mtu awe anatafuta usafiri. Zaidi ya mwaka, baada ya mgongoni unamshika kwa nyuma unambonyeza tumbo juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu.

Kwetu karanga sasa hivi zinasagwa mpaka afike miaka mitano, shangazi mtu kanuna ila ndo hivyo.