Maswali ya Wasomaji: Tumechanga milioni na laki mbili kwa ajili ya shule yetu, tufanye bonanza au nini?

SWALI: Habari dada, pole na kazi. Sisi ni kama watu 40 tuliosoma shule moja ya msingi hapa Tanga, tuna grupu letu la WhatsApp na tumechanga mpaka imefika 1,200,000. Wengi wanataka tukafanye bonanza la siku moja pale shuleni, mpira, kukimbia na magunia, muziki, tisheti zenye jina la grupu. Mi na wenzangu wachache tunaona hela itaisha siku hiyohiyo na watoto hawatabaki na kitu, ila tukisema tunaonekana tunaharibu shughuli. Tufanyeje?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Mdogo wangu, nipo upande wako kabisa na nakwambia kwa uchungu maana yameshanikuta. Mtaani kwetu tulifanya siku moja kubwa kweli, hema, spika, emsii, watoto wakala pilau wakacheza mpaka magharibi, tukapiga picha tukarudi nyumbani tumefurahi. Jumatatu nikapita kwenye darasa la mwanangu nikakuta kitabu kimoja watoto watano, wa pembeni anasoma herufi zimepinduka. Nilikaa nje kwenye ngazi pale nikashindwa hata kuondoka.

Lazima mjue shule inaishije. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kapitesheni ya msingi, yaani ruzuku ya serikali kwa shule, ilipangwa 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo 4,000 ni ya vitabu, sasa mwalimu mkuu hapo atoe chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, michezo, atabaki na nini cha kununua vitabu vya hadithi? Ndo maana mtoto anafika darasa la nne hajawahi kushika kitabu ambacho sio cha somo.

Ningekuwa mimi, laki saba ingeenda kwenye vitabu vya hadithi vya Kiswahili, mkiomba bei ya jumla mnapata vingi. Laki na nusu kabati la kufunga na ufunguo. Laki na nusu nyingine uji, wa dona wenye karanga na sukari, maana kwenye klabu ya Jumamosi nitakayoeleza watoto wengine wanakuja hawajatia kitu mdomoni na ukimwambia asome anakuangalia tu. Laki mbili inayobaki ikae kwanza, nitasema ya nini.

Alafu muanze klabu ya Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita, kila wiki bila kuruka. Hapo kwenye bila kuruka ndo pagumu kuliko kuchanga, lakini nyie mko 40, mkijipanga wanne wanne kila mtu zamu yake inafika baada ya wiki kumi, nani atashindwa? Sisi tulianza chini ya mwembe na watoto 11. Kuna binti mmoja alikuwa anafunika mstari wa chini kwa kiganja ili asichanganye, anasoma neno anasimama, anasoma neno anasimama, na sauti haitoki. Hatukumkaripia, tukawa tunampa kitabu kilekile kila wiki. Wiki ya sita akakisoma chote bila kuweka kiganja, alafu akaomba akamsomee mdogo wake nyumbani.

Na msisome tu mpaka wachoke. Chukueni watu wa hapohapo mtaani. Nesi aje awafundishe kushika mapigo ya moyo mkononi, wahesabu kwa dakika moja wakiwa wamekaa, wakimbie uwanja mara mbili, wahesabu tena, waandike. Fundi cherehani aje na futi kamba, awaonyeshe robo na nusu kwenye kitambaa, utashangaa mtoto aliyelia na hesabu za sehemu darasani anaelewa pale. Hawa hawadai hela, wanadai kuombwa tu kwa heshima.

Ile laki mbili ni ya Mapango ya Amboni. Ni kilomita kama 8 tu kutoka mjini na kuna watoto wa Tanga wanamaliza la saba hawajaingia, wakati wageni wanatoka mbali kuja kuona. Wakaone jinsi maji yanavyokula mawe ya chokaa, wakaone popo, wakirudi kila mmoja aandike ukurasa mmoja.

Utaratibu msiuruke. Andikeni barua kwa mwalimu mkuu, iingie kikao cha kamati ya shule, nakala kwa afisa elimu kata. Hela msimkabidhi mwalimu mkononi hata awe mzuri vipi, nunueni vitu wenyewe mkabidhi na risiti mbele ya kamati. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, wawe wawili siku zote, na picha za watoto msirushe mitandaoni bila ruhusa ya wazazi. Wanaotaka mpira nao wasinyimwe, waambie wanunue mipira miwili wawafundishe watoto Jumamosi baada ya kusoma, wakijiandaa na UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, hiyo itawasaidia kuliko tisheti.

SWALI: Mimi ni mstaafu, nacheza bao tangu utoto. Nataka kufundisha wanafunzi wa shule ya jirani ila mwalimu mmoja kaniambia bao ni la vijiweni. Kweli halifai?
Babu, Bagamoyo

JIBU: Shikamoo babu. Linafaa sana, na usikate tamaa. Muombe mwalimu akae nawe nusu saa tu. Muonyeshe mashimo 32 na kete 64, kila mtu anaanza namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja ubaoni, na 22 mkononi, kisha muulize yeye, ukinamua kwenye shimo hili kete ya mwisho itaangukia wapi? Mtoto akilijibu hilo kichwani kabla hajagusa kete huyo anajumlisha na kufikiri mbele hatua tatu nne. Anza na watoto sita hivi, mbao tatu zinatosha, na kama komwe za kuchezea hazipatikani waokote kokoto za saizi moja wazioshe.