Waje waone vyombo kwanza, bei baadaye

Mwaka 2014 tulihama kutoka Sinza kwenda Kimara. Nilipatana na mwenye kirikuu pale barabarani, akanitajia bei, nikaona nafuu, nikamwambia aje kesho saa 2 asubuhi. Sikumwonyesha vyombo. Alipofika na vijana wake wawili, akalitazama kabati la nguo, akazitazama ngazi, akasema, "Dada, hii siyo kazi tuliyopatana." Nusu ya vyombo ilikuwa tayari uani, mpangaji mpya amefika na mizigo yake yuko getini, na mawingu yamefunga. Nikalipa alichotaka. Siku ile tulikwenda safari tatu badala ya moja. Katika safari ya pili kabati la vyombo alilotuachia marehemu mama, lenye milango ya vioo, lililazwa na vijana wakakaa juu yake. Kioo kimoja kilifika vipande vipande. Nilipouliza nani atakilipa, nikajibiwa kwamba barabara ni mbovu.

Jibu lile liliniuma muda mrefu, kisha nikaja kuona kwamba kosa lilianzia kwangu. Sikuwa nimepatana na mtu yeyote juu ya kitakachotokea chombo kikivunjika. Nilikuwa nimenunua mafuta ya gari na nguvu za mikono, basi. Kwa hiyo mwaka 2019, mume wangu alipohamishiwa Dodoma kama watumishi wengi waliofuata Serikali tangu 2016, nilijiapiza kwamba safari hii nitatafuta mtu atakayehesabu vyombo vyangu, aviandike, aweke sahihi.

Tuliwapigia simu watu watatu wanaofanya kazi ya kuhamisha. Wawili waliuliza, "Vyumba vingapi?" na hapohapo wakataja bei. Wa tatu alisema hawezi kutaja chochote mpaka afike. Akaja jioni na daftari na futi ya kupimia. Alipima upana wa mlango, akauliza kama kitanda kinafunguka, akaomba kuona stoo (ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau), halafu akatoka nje kuangalia Canter itasimama wapi, maana kichochoro chetu kilikuwa na nyaya za umeme zilizolegea. Bei yake ilizidi za wale wawili. Tukamchukua yeye. Mtu aliyeona kila kitu kwa macho yake hana pa kushika siku ya kupakia aseme mzigo umezidi.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari wenye sahihi mbili. Yetu yalitaja ni gari gani na la tani ngapi, vijana wangapi, nani anafungua vitanda na nani anavifunga tena kule, siku na saa ya kupakia na ya kufika, na kitakachovunjika kitalipwa vipi. Yakataja pia kwamba gari ni letu peke yetu. Hili wengi hawaliulizi. Kutoka Dar hadi Dodoma ni karibu kilomita 450, na dereva anayeona nafasi nyuma anaweza kushawishika kusimama Morogoro akapandisha mizigo ya mtu mwingine juu ya sofa zako. Malipo tuligawa mara mbili: nusu gari likishapakiwa, nusu baada ya kushusha na kuhesabu. Anayedai zote kabla gari halijaondoka, mwache. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha unashughulika na biashara inayojulikana ilipo.

Nafuu ipo, sikatai. Lori lililoshusha mahindi Dar linarudi Kibaigwa, mkoani Dodoma, tupu, na mwenye lori hukubali bei ya chini kuliko kurudi bila kitu. Jirani yetu alitumia njia hiyo. Vyombo vilifika salama, lakini punje na vumbi la nafaka viliingia kwenye godoro, na wiki iliyofuata akawa anaokota fukusi kitandani kwa watoto. Ukichukua gari la kurudi, simamia lifagiliwe mbele yako na turubai litandikwe chini pia. La juu la kukinga mvua peke yake halitoshi.

Vyombo vya jikoni nilifunga mwenyewe kwa magazeti na kanga kuukuu. Kila boksi nikaliandika namba kwa kalamu nene, na kwenye daftari nikaandika kilichomo, yakafika 41. Skrubu na nati za kila kitanda ziliingia kwenye mfuko wake, mfuko ukafungwa kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Kila chenye thamani nilikipiga picha kabla hakijafungwa, ili lisije likazuka la "mkwaruzo huu ulikuwepo". Friji tulilizima na kuliyeyusha barafu siku moja kabla, likasafiri limesimama. Likifika usilichomeke papo hapo. Mafuta ya kompresa yanahitaji saa kadhaa kurudi mahali pake, na likiwa lilisafiri limelala, lipe siku nzima. Mtungi wa gesi ufungwe, regula itolewe, usimame wima.

Vyeti, hati, dawa na fedha havipandi lori hata mara moja. Vilikaa kwenye begi langu, pamoja na mashuka, chandarua, sufuria moja, sukari na majani ya chai kwa usiku wa kwanza. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nilimpa dereva, kwa sababu gari lenye vyombo vya ndani likisimamishwa usiku, askari atataka kujua ni vya nani na vinakwenda wapi.

Nalisema na hili kwa sababu linanigusa. Muulize mwenye kazi mbele ya vijana wake kama yeye ndiye anayewalipa na kama chakula chao kimo ndani ya bei. Wanabeba friji begani kwenye ngazi, na wengi hulipwa kwa kutwa. Wakijua mapema watapata nini, hakuna ugomvi wa hela ya soda wakati kabati liko mlangoni. Sisi tuliwapa chai na chapati kabla hawajashika kitu.

Gari lilifika mtaa wa Kisasa, Dodoma, alfajiri. Nilisimama getini na daftari, kila kinachoshuka nakitia alama. Kabati la mama lilishuka limevikwa mablanketi mawili, lilikuwa limesimamishwa katikati ya magodoro, na kile kioo kilichobaki kilikuwa kizima. Ila boksi namba 27 halikuonekana. Dereva akasema vimeisha, akaninyooshea kalamu. Nikamwambia sisaini mpaka yatimie 41. Utingo akapanda tena, akapekua, akalikuta nyuma ya kiti cha dereva, lilipowekwa usiku ili lisilowe. Akalishusha, nikalitia alama, nikaweka sahihi, nikampa nusu iliyobaki.